Kilichoisha, Kilicho Mkononi, Kinachongoja

Mara iliyopita niliwaomba mniandikie kuhusu vitabu vitatu: mlichomaliza karibuni, mnachosoma sasa, na mlichokitenga kwa ajili ya baadaye. Barua zilizokuja zilikuwa na maswali mengi kuliko orodha. Nimechukua haya, na nimeyajibu kwa mpangilio niliyoyasoma.

Umetuuliza sisi, na wewe je? Umemaliza nini, unasoma nini, kinafuata nini?

Ni haki yako kuuliza. Nilichomaliza juzi ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999, na hii ilikuwa mara yangu ya pili kuisoma. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikayakimbilia mapenzi. Nilimfuata Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi akiwa na moto wa kumng'oa mkoloni Unguja. Wengine wote niliwapita tu, kama mtu anayekatiza sebuleni kwenda chumba cha ndani.

Safari hii jicho langu lilitua kwa Mwajuma. Yasmin anapokimbia ndoa yake na jamaa zake wakamkana, anayempokea ni Mwajuma, jirani asiye na mali yoyote ya kujivunia. Nikakiweka kitabu chini nikajiuliza: bila mwanamke huyu kungekuwa na hadithi gani? Denge anazungumzia usawa wa watu. Mwajuma anautenda, wala haupi jina. Kurasa zilikuwa zilezile, hakuna herufi iliyoongezwa, lakini nilisoma kitabu kingine kabisa. Ndiyo maana nashangaa mtu akiniambia kurudia kitabu ni kupoteza wakati.

Mkononi nina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise. Ya Kiingereza ilitoka mwaka 1994. Ya Kiswahili imetufikia mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yusuf ana umri wa miaka 12 anapochukuliwa na mfanyabiashara Aziz, ambaye siku zote amemjua kama ami yake. Baadaye anakuja kuelewa kwamba baba yake amemweka rehani kwa sababu ya deni. Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, anamkataza kumwita Aziz ami. Aseme seyyid. Badiliko la neno moja tu la kumwita mtu, na mtoto anajifunza yeye ni nani pale nyumbani. Nimekuwa nikisoma kurasa 10 kila usiku kwa makusudi, nisifike mwisho haraka.

Kinachongoja ni Afterlives, riwaya ya Gurnah ya mwaka 2020, kwa sababu Peponi inatufikisha kwenye kizingiti cha Vita vya Kwanza vya Dunia na Afterlives inaingia ndani ya vita vyenyewe, kwa askari wa Wajerumani na kwa waliobaki nyumbani. Chini yake nimeweka Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1991. Nagona, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, niliisoma mwaka jana na haijaniachia. Ni kitabu chembamba, unakimaliza jioni moja, kisha kinakuhitaji mwezi mzima.

Mtaona kwamba orodha yangu sikuipanga kwa kuangalia vilivyo vipya au vinavyotajwa sana. Kila kitabu kimenipa kinachofuata. Nasoma hivyo, na majibu mengi yaliyobaki hapa yanatokana na hilo.

Nina vitabu vitatu nilivyovifungua kwa wakati mmoja. Mume wangu ananiambia mshika mbili moja humponyoka. Nifanyeje?

Dada, mshika mbili ni yule anayeshika vitu viwili vya aina moja. Ukisoma riwaya mbili zenye wahusika kumi kumi, zote za familia zinazogombea urithi, lazima shangazi wa hii ahamie katika ile. Lakini riwaya moja, kitabu kimoja cha maarifa na diwani moja ya mashairi haviingiliani. Kila kimoja kina saa yake. Mimi kitabu cha maarifa nakisoma asubuhi nikiwa na kalamu, riwaya usiku, na shairi wakati wowote nikiwa na dakika tano za kungoja kitu.

Kipimo changu ni hiki: ukikishika kimojawapo baada ya siku nne, unaweza kusema uliacha wapi bila kurudi nyuma? Ukiweza, endelea na vyote vitatu. Ukilazimika kurudia kurasa 20, hicho kimekwisha kukuponyoka na mume wako ana hoja.

Nikifika ukurasa wa 60 nachoka. Naona aibu kuacha kitabu katikati. Je, ni lazima nimalize?

Si lazima. Kitabu unachokiburuza kwa miezi mitatu kinakunyima vingine vitano, na kibaya zaidi kinakufanya uanze kuogopa kusoma. Nimeona watu waliokuwa wasomaji wazuri wakikwama hivyo. Hawasomi kile, na hawajiruhusu kufungua kingine.

Ila kabla hujakiacha, jaribu jambo moja. Chukua kurasa tatu pale ulipokwama uzisome kwa sauti, polepole, kama unamsomea mtu. Mara nyingi kilichochoka ni macho, na sikio likisaidia, sentensi zinafunguka. Kama hata kwa sauti hakuna kinachokushika, weka karatasi ndogo pale ulipofika, andika tarehe na sababu ya kuacha, kisha ukirudishe rafuni. Nagona niliyoitaja hapo juu niliwahi kuiacha kwenye kurasa za mwanzo. Nilikuwa nikitafuta kisa chenye mwanzo, kati na mwisho, na Kezilahabi hakukusudia kunipa hicho. Miaka ilipita. Nilipoirudia nikaikuta karatasi yangu humo ndani, nimeandika: "Sielewi anakwenda wapi." Safari hii kutokujua tunakwenda wapi ndiko kulikonivuta.

Nasoma sana lakini nasahau. Mtu akiniuliza kitabu nilichomaliza mwezi uliopita kilihusu nini, nabaki kusema "kilikuwa kizuri". Kuna tiba?

Ipo, na swali lako limenigusa kwa sababu nimeishi nalo miaka mingi.

Kwanza ujue akili yako haina ubovu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri mfululizo wa silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi gani kimebaki baada ya muda. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imetoweka, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Kitabu kina maana, kwa hiyo kinashika kuliko silabi tupu, lakini mteremko ni uleule: unasahau haraka mwanzoni, kisha polepole.

Pili, dawa ambayo wengi wetu tunaikimbilia, yaani kusoma tena pale pale, haisaidii kama tunavyodhani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa saikolojia nchini Marekani, waliwapa wanafunzi matini fupi. Wengine waliisoma tena. Wengine waliifunika na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka waliwapita kwa mbali. Kinachotia kitu akilini ni ile jitihada ya kukitoa.

Basi fanya hivi. Ukimaliza sura, funga kitabu. Usikiangalie. Andika sentensi mbili au tatu za unachokumbuka, kwa maneno yako, hata kama ni vibaya. Siku inayofuata, kabla ya kufungua sura mpya, jaribu kuzisema tena bila daftari. Hilo tu.

Ili uone kwamba haihitaji ufundi, hii ni kurasa moja ya daftari langu kama ilivyo, kuhusu Peponi: "Mnyapara Mohammed Abdalla. Watu wanamwogopa kabla hajasema. Katika Kiingereza neno mnyapara limeachwa hivyohivyo, kwa hiyo msomaji wa kule anajikwaa. Hapa halijikwazi. Limerudi kwao. Yusuf anatazama zaidi kuliko anavyosema, nihesabu ni mara ngapi anauliza swali." Hakuna muhtasari wa sura wala uchambuzi wa dhamira. Ni kile kilichonishika tu. Lakini nikilisoma daftari hilo baada ya mwaka, sura nzima itanirudia, maana kitu kimoja kilichoshikwa vizuri huvuta vingine.

Na mtu akikuuliza kitabu kilihusu nini, usiogope kuanza na hicho kimoja. "Kuna mnyapara mmoja humo..." Utashangaa mengine yanavyofuata.

Je, tafsiri ni kitabu chenyewe au kivuli chake?

Ni kitabu chenyewe kilichopita katika mikono ya msomaji mwingine. Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, na kuitoa mwaka 1969, hakuiita Wafanyabiashara wala Mfanyabiashara. Aliiita Mabepari wa Venisi. Ukisoma jalada tu umeshajua mfasiri anamtazamaje mtu mwenye fedha. Na alikuwa msomaji asiyeridhika upesi: tamthilia ya Julius Caesar aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Kwa hiyo soma tafsiri bila kujishuku, ila tazama jina la mfasiri kama unavyotazama la mwandishi. Ukimpenda mfasiri, tafuta kingine alichokitafsiri. Hiyo nayo ni njia nzuri ya kupata kitabu kinachofuata.

Nimejiwekea lengo la vitabu 50 mwaka huu. Niko nyuma sana. Nikimbizeje?

Tupige hesabu pamoja. Marc Brysbaert, mtafiti wa usomaji, alikusanya tafiti nyingi na mwaka 2019 akatoa wastani wa msomaji mtu mzima wa Kiingereza: kama maneno 238 kwa dakika kwa maandishi yasiyo ya kubuni na 260 kwa hadithi. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa zaidi. "Hatutawaambia" ni neno moja, na ndani yake mna sentensi nzima. Tuseme basi maneno 150 kwa dakika. Ukisoma dakika 20 kila siku unapata maneno 3,000. Riwaya ya maneno 60,000 unaimaliza kwa siku 20, na mwaka mzima unafikisha riwaya 18.

Kumi na nane, ndugu yangu, kwa dakika 20 tu za kila siku. Haba na haba. Ukitaka 50 itabidi usome karibu saa nzima kila siku, na kama unayo saa hiyo, hongera. Kama huna, utaanza kuchagua vitabu kwa wembamba wake na kuruka maelezo ili namba ipande. Mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja na nilipoutazama mwisho sikukuta hata kitabu kimoja ninachoweza kukieleza. Lifute lengo la idadi. Weka la dakika.

Kusikiliza kitabu kilichorekodiwa kunahesabika kama kusoma?

Kwangu kunahesabika. Watu wetu walikuwa na fasihi ya sikio kabla ya fasihi ya jicho, na hata ile iliyoandikwa iliandikwa ili isemwe. Utendi ambao Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, lakini vina na mizani yake vimewekwa kwa ajili ya sauti. Ukiusoma kimya unapata nusu.

Tofauti iko kwenye aina ya kitabu. Hadithi na kumbukumbu za maisha huingia vizuri masikioni. Kitabu chenye hoja zinazojengana, ambapo unahitaji kurudi aya moja nyuma kila mara, kinahitaji karatasi au kioo mbele yako. Na ukijikuta umesikiliza dakika 10 hukumbuki chochote, rudisha nyuma kwa uaminifu uleule ambao ungerudia ukurasa.

Vitabu ambavyo sijavisoma vimekuwa vingi kuliko nilivyovisoma. Naviona vinanitazama.

Wajapani wana neno lake, tsundoku: kupata vitabu na kuviacha vikirundikana bila kusomwa. Maana yake hauko peke yako. Rundo si deni, na hakuna atakayekuja kulidai. Lakini chagua viwili tu uviweke mahali unapokaa, vingine uvihamishie chumba kingine. Macho yakiona viwili, mkono unanyoosheka. Yakiona arobaini, unachukua simu.

Sijasoma kitabu tangu nimalize shule. Nataka kurudi. Nianze na kipi?

Karibu tena. Usianze na kile unachodhani mtu makini angeanza nacho. Anza na kitakachokufanya uchelewe kulala.

Mimi ningekupa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, riwaya ya upelelezi yenye Bwana Msa. Mauaji yametokea, watu wanasingizia mizimu, na Bwana Msa anakaa, anatazama, anauliza. Kiswahili chake kinateleza kama maji na kisa hakikuachi. Au Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambapo kijana Kongowea Mswahili anafunga safari ndefu kumtafuta baba yake. Yawezekana ulilazimishwa kuisoma ili ufanye mtihani. Isome tena bila mtihani. Wengi walioniandikia waliichukia shuleni na sasa wanaiazima kwa wenzao, kwa sababu safari hii hakuna anayewauliza wataje tamathali tano za usemi.

Wiki ya kwanza usijipime kwa kurasa. Kaa na kitabu mahali pamoja, saa ileile, simu ikiwa chumba kingine. Siku mbili tatu za mwanzo akili itaruka huku na huko. Ni kawaida, ilizoea vipande vifupi. Itatulia.

Unaandika ndani ya vitabu?

Vya kwangu, ndiyo, kwa penseli. Vya kuazima, kamwe.

Baba yangu alikuwa msomaji mkubwa. Sasa macho hayamruhusu. Anakaa kimya mchana kutwa. Ningependa kumsomea lakini sijui nianze na nini, naogopa kumchosha.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa.

Usimchagulie. Sisi watoto tukianza kuwasomea wazazi tunaleta vitabu vya kuwafariji, vyepesi, kama vile macho yakififia na akili imefifia. Mzee aliyesoma maisha yake yote ana orodha yake bado. Alikuwa na kitabu mkononi siku macho yalipogoma. Muulize ni kipi. Kama hakumbuki, nenda kwenye rafu yake utazame wewe. Tafuta kilichokunjwa ukurasa, chenye risiti au uzi ndani, chenye alama inayoishia katikati.

Kisha kaa upande ambao sikio lake linasikia vizuri. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, robo saa tu kwa mara ya kwanza. Usimuulize kama ameelewa. Ukifika jina usilolijua kulitamka, simama umuulize yeye. Akikukatiza akaanza kusimulia jambo lake mwenyewe, weka kidole kwenye mstari ulipofika na umsikilize mpaka amalize.

Anzia pale alipokunja ukurasa. Usirudi mwanzo, labda akuombe.